Bakuli la Maji ya Chuma

Biti Uwesu alikuwa na kazi mbili, na zote zilitaka mdomo uliofungwa. Ya kwanza ilikuwa usomo. Binti akivunja ungo pale Mtaa wa Sikukuu aliletwa kwake afundwe, na yaliyosemwa chumbani mwake hayakuvuka kizingiti. Ya pili ilikuwa kuosha maiti za wanawake, na huko nako sheria ni hiyohiyo: ulichokiona kwa maiti unazikwa nacho wewe. Watu walimpenda kwa hilo. Kariakoo ya mwaka hamsini na tano, nyumba moja ya vyumba sita ilikuwa na masikio yasiyohesabika. Mtu asiyesema alikuwa mali.

Chumba chake kilitazamana na cha Hamis, fundi bati, mgane mwenye mabinti wawili, Zena na Tatu. Kazi ilifanyika uani. Madebe ya mafuta ya taa yalikatwa yakawa koroboi, na mabinti walishikilia vipande baba yao akivilehemu. Chuma cha kulehemu kilikaa makaani hadi kikaiva, kikayeyusha madini ya risasi, kikaunga bati, kisha kikachovywa kwenye chungu cha maji. Chwaa. Nyumba nzima ilizoea mlio huo kama watu wanavyozoea adhana.

Zena, yule mkubwa, akiingia siku zake aliumwa mno. Alijikunja mkekani, damu ikamtoka nyingi, uso ukabaki umepauka kama unga wa muhogo. Biti Uwesu aliona ni chango, na damu iliyopungukiwa nguvu. Dawa aliijua tangu utotoni. Huko kwao Kisarawe bibi yake alimpeleka kwa mhunzi, wakachukua maji yaliyotumika kuzima jembe jipya lililotoka motoni, akanywa siku saba, damu ikarudi. Hapa mtaani hapakuwa na mhunzi, ila Hamis alikuwapo. Chuma ni chuma, alijiambia, akachota bakuli kutoka chunguni.

Zena akanywa, mwezi baada ya mwezi. Mara ya mwisho alikataa. Alisema yanamwachia ladha ya senti ulimini. Biti Uwesu alimshika kisogo polepole, kwa mapenzi, kama unavyomshika mtoto, akamnywesha mpaka tone la mwisho.

Msiba wa Zena ulikuja siku chache kabla ya mfungo. Biti Uwesu ndiye aliyemwosha. Alipomsafisha kinywa aliuona mstari kwenye ufizi, mwembamba, mweusi wa kuelekea buluu, umefuata mashina ya meno kama mtu kaupaka wanja. Akaufumba mdomo ule kwa kidole. Akamaliza kazi. Hakumwambia mtu.

Mstari wenyewe lakini ulikataa kuzikwa. Aliuona kwenye ukingo wa kikombe chake cha chai, akauona kwenye pindo la kanga aliyoianika. Na kila chuma kilipolia chunguni alihisi kisogo cha Zena kiganjani mwake, na uzito wake uleule.

Mwaka wa pili maumivu yakamwanza Tatu. Mtamuuliza, kwa nini bakuli lile alilirudia? Kwa sababu alijisadikisha kwamba kwa Zena alichelewa. Kwa Tatu hakutaka kuchelewa. Alianza mapema, na Tatu alikunywa bila kubisha, maana somo akisema amesema. Siku moja tu, akijifuta mdomo, alicheka kidogo na kusema yana ladha ya senti. Biti Uwesu aliliweka bakuli chini.

Sasa, nyumba ya pili alipanga nesi kijana, Agnesi, mtu wa Kilimanjaro. Alasiri moja alileta koroboi yake inayovuja, akawaamkia wakubwa wote uani. Hamis akataja bei, naye akaikubali papo hapo.

"Mchagga gani wewe usiyeomba kupunguziwa?" Hamis akamtania. "Au wamekubadilisha hospitalini?"

Tatu akacheka, kichwa nyuma, kinywa wazi kwenye jua. Biti Uwesu akauona. Mstari ni uleule. Agnesi naye aliuona, kwa kuwa alimsogeza Tatu kwenye mwanga na kumshusha mdomo wa chini kwa kidole gumba.

Alimweleza Hamis taratibu kwamba risasi anayolehemea inaingia mwilini kwa moshi na kwa mikono isiyonawa, inakula damu na kusokota tumbo, na kwa msichana anayeumia mwezini huwa ni mzigo juu ya mzigo. Kama ni mikono na moshi tu, Tatu aache kazi ile, apumzike, atamtazama tena baada ya mwezi. Kama kuna anachokunywa chenye risasi, aende hospitali leo hii. Akamuuliza Tatu kama yupo mtu anayempa dawa yoyote.

Tatu alimtazama somo wake. Alikuwa amefundwa vizuri.

"Hakuna, dada," akasema.

Biti Uwesu angeweza kuliacha jibu lile likae. Aliangalia midomo ya msichana, haina rangi.

"Ipo," akasema. "Nimemnywesha mimi, maji ya chungu kile. Na Zena nilimnywesha."

Hamis alisimama na chuma mkononi, kikapoa hivyohivyo hewani. Hakupaza sauti. Aliuliza neno moja tu, kama Zena naye alikuwa na mstari huo.

Hilo lilikuwa la maiti, na Biti Uwesu hakuwahi kulitoa la maiti.

"Alikuwa nao," akasema. Kisha akamgeukia Agnesi. "Ni maji yaliyomuua?"

"Mama, mimi sikumwona. Siwezi kukwambia ndiyo, wala siwezi kukwambia siyo."

Jioni ile Tatu alilazwa, akakaa wiki nyingi. Alirudi rangi imemrejea usoni. Siku zake bado zinamuuma, ila hazimwangushi tena. Hamis alikivunja chungu. Siku hizi hukichomeka chuma mchangani kipoe, na salamu za Biti Uwesu huziitikia akiwa ameinama kazini. Mabinti hawaletwi tena kwake, kwani somo aliyesema si somo, na msiba ukitokea anaitwa mwingine.

Tatu pekee ndiye anayeingia. Kila mwezi siku zake zikianza huja mlangoni, penye mwanga, akaachama mwenyewe bila kuambiwa. Uani hakuna tena chungu cha maji, na bado Biti Uwesu husikia chwaa. Huangalia ufizi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, maana kinywa kimoja mbele yake huwa viwili, cha Tatu na cha Zena.

"Hakuna kitu," husema. "Funga, mwanangu."

Tatu hufunga. Yule mwingine hafungi.