Hina Kabla ya Mtihani

Mwaka ule nilikuwa na kazi, masomo na harusi, na vyote vitatu vikanitaka wiki moja. Watu walikuwa wakinipongeza. Nilikuwa naitikia ahsante huku moyoni nataka kumrushia mtu kiatu, maana hakuna aliyeniuliza nalala saa ngapi.

Kazi yangu ilikuwa katika zahanati moja ya Garsen, kwenye dirisha la kusajili wagonjwa. Mgonjwa anatoa kitambulisho, naandika, kisha namwambia aweke kidole kwenye mashine ndogo ya kusoma alama. Taa ikiwaka kijani, anapita kwa daktari. Ikiwaka nyekundu, tunafuta kidole, tunafuta kioo, tunajaribu tena. Waliosumbua zaidi walikuwa wakulima wa kando ya mto, ambao jembe limewala ncha za vidole, na wanawake waliotoka harusini na hina iliyokolea. Hina ya kawaida mara nyingine husomeka. Iliyotiwa piko ikawa nyeusi, mashine haioni kitu. Hao nilikuwa nawaambia, "Rudi baada ya wiki mbili, mama, ikishafifia." Nilisema hivyo hata kwa waliovuka mto na mtoto mgonjwa mgongoni, na sikujisikia vibaya, kwa sababu utaratibu ulikuwa utaratibu.

Masomo yalikuwa stashahada ya kumbukumbu za afya. Chuo kilikuwa na kituo hapo hapo Garsen, madarasa Jumamosi, na siku nyingine nasoma kwa simu, mgongo ukutani, miguu ndani ya beseni la maji kwa ajili ya joto. Nilikuwa nimebakiza karatasi moja ya mtihani. Mkubwa wangu kazini alinieleza bila kuzunguka: mkataba wangu unakwisha, mwenye stashahada ataajiriwa moja kwa moja na nafasi iliyopo ni Bangale, asiye nayo atashukuriwa aende nyumbani. Na karatasi ile ukiikosa, unaingoja mwaka mzima.

Mchumba wangu, fundi wa pikipiki pale Minjila, nilimpa habari ya Bangale nikiwa na hofu. Bangale ni mbali, kaskazini kwa wafugaji, na barabara yake ni jina tu. Akacheka. "Kwani huko pikipiki haziharibiki? Kwa barabara ile, nitakosa hata muda wa kula." Nikampenda zaidi siku hiyo.

Aliyebaki kuambiwa alikuwa shangazi. Huyu ni dada yake baba, anaishi Kipini, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa sijaanza shule. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Kiswahili chake ni cha huko huko: njoo kwake ni ndoo, jana ni yana, kujua ni kuyua, kuacha ni kuwata. Mtaani kwao ndiye somo wa maharusi: yeye huwafunda, huwasugua mwili kwa singo ya manukato, huwapaka hina, na hakuna anayembishia. Nilimwambia kwa simu kwamba nikifaulu nitapelekwa Bangale, harakaharaka, katikati ya habari za magauni. Akaniuliza kama nimeshapata viatu. Nikashukuru Mungu kwamba limepita.

Hesabu zangu za siku zilikuwa nzuri. Mtihani kwanza, wiki tatu baadaye natiwa ndani, halafu harusi. Kisha mto ukafurika. Maji yakakata barabara, chuo kikaahirisha mtihani, na tarehe mpya ilipokuja kwenye simu niliisoma mara nne nikiwa nimesimama. Ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya nikaha, na mimi nitakuwa siku ya sita ndani.

Kwetu Kipini bibi harusi hutiwa ndani siku saba. Hatoki, hapigwi na jua, haonekani na mtu ila wanawake wa nyumbani. Harusi haikuweza kusogezwa. Jamaa wa Lamu walishajipanga. Chuo nilikipigia, kikasema tarehe ni tarehe. Nikaenda Kipini na madaftari yangu chini ya khanga ndani ya begi, nikijua kwamba kuna ugomvi unaningoja.

Niliomba ruhusa siku ya pili, wakati shangazi ananisugua mgongo. Nilitarajia sauti kubwa. Akauliza tu, "Ni Alhamisi hiyo?"

"Alhamisi. Saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Narudi kabla ya laasiri."

"Utatoka na nani?"

"Na wewe, shangazi. Nitajifunika uso. Mchumba wangu atatuma gari mpaka mlangoni."

Akaendelea kusugua. "Haya," akasema. Furaha ilinijaa hata machozi yakanitoka, nikasema ni singo imeniingia machoni.

Siku nne zile nilisoma kama mwizi. Wanawake wakiingia, daftari linakwenda chini ya mto wa kulalia. Wakitoka, linarudi magotini. Usiku nasoma kwa mwanga wa simu, mchana nasuguliwa, nafukizwa udi, naambiwa namna ya kuketi, na kichwani mwangu naorodhesha hatua za kuhifadhi faili. Kufikia Jumatano macho yalikuwa yanafumba yenyewe nikiwa natafuna.

Jumatano adhuhuri hina ikaletwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kuliko jambo lolote, maana barua ya chuo ilisema kila mtahiniwa atathibitishwa kwa alama za vidole, na atakayeziharibu kwa makusudi hataingia. Nani wa kunieleza mimi habari ya hina na mashine? Nikamwambia shangazi mapema, akiwa bado anakoroga piko: "Ncha za vidole niachie hivyo hivyo, mashine ya mlangoni haisomi piko. Mpaka nimalize mtihani. Ijumaa asubuhi utazimalizia."

Alikuwa ameinama juu ya bakuli. Akaendelea kukoroga, nami sikurudia.

Nikanyoosha mikono juu ya mto, mchoro ukaanza kiganjani, baridi na mwepesi. Hicho ndicho kitu cha mwisho ninachokikumbuka. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshavuka dirisha na mikono yangu yote miwili imefungwa mifuko ya plastiki, vidole ndani yake vimezungushiwa vitambaa kimoja kimoja. Niliing'oa mifuko kwa meno. Ncha kumi, nyeusi mpaka kwenye kifundo cha kwanza.

Shangazi alikuwa anaswali chumba cha pili. Nilimngoja atoe salamu.

"Shangazi, vidole!"

"Ulilala," akasema, bila kugeuka. "Nikamaliza kama kumalizwavyo. Bibi harusi gani wa zidole zeupe?"

Nilitaka kumlaumu, nikashindwa. Nilikuwa nimelala. Mtu mzima amefanya kazi aliyoizoea miaka yote, na mimi niliyepaswa kuangalia mikono yangu mwenyewe nilikuwa nakoroma. Nikajitukana. Nilijaribu ndimu na chumvi, nikajaribu dawa ya meno, nikajaribu jiki ya kufulia mpaka ngozi ikawasha. Piko haikufifia hata chembe, na ncha zikaanza kuvimba na kuchunika. Nikalala nimeikunja mikono kifuani.

Alhamisi tukaondoka kabla ya jua kupanda, shangazi mbele, mimi nyuma nimejifunika. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitaka kuona uso wangu na kitambulisho, shangazi akashuka na kusimama ubavuni kwangu akinikinga kwa mtandio wake wanaume wa magari mengine wasinione, huku anamhimiza askari, "Haraka mwanangu, huyu ni bibi harusi." Nikaona jinsi anavyonilinda, nikajiona mbaya kwa kuwa na kinyongo naye.

Tulifika kituoni saa tatu kasoro robo. Mlango wa darasa ulikuwa na meza, kwenye meza mashine, ndugu kabisa ya ile yangu ya kazini. Msimamizi alikuwa kijana wa miwani. Wenzangu walipita mmoja mmoja, kijani, kijani, kijani. Zamu yangu ikafika.

Kidole gumba, nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Nilikifuta kidole, nikafuta kioo, nikapumulia, nikabonyeza kwa ubavu, kila ujanja niliowahi kuwafanyia wagonjwa. Vidole kumi, na taa haikubadilika. Nyuma yangu mtu akasonya.

"Madam, hii imekataa kabisa," msimamizi akasema. "Na ilikuwa imeandikwa kwa barua. Sasa mbona umejipaka?"

"Kesho ni harusi yangu."

"Hongera. Lakini mimi nitajuaje ni wewe? Picha hii haina mtandio, na sheria inataka vidole." Alitazama kitambulisho, akatazama mikono yangu. "Rudi kwa sitting ingine, hiyo rangi ikitoka."

Rudi. Nikawaona wanawake wote wa dirishani kwangu, na nikajua sasa walivyokuwa wakisikia nilipowaambia neno hilo.

"Kuna fomu," nikasema. Fomu nazijua, ndiyo kazi yangu. "Lazima kuna fomu ya mtu ambaye vidole havisomeki. Wakulima mnawafanyia nini?"

Alisita, akafungua droo. Ilikuwepo. Akaisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari. Ilitaka shahidi mzima mwenye kitambulisho, anayemjua mtahiniwa tangu utotoni, aeleze sababu ya vidole kutosomeka. "Lakini hapa inasema, kama ni mtahiniwa mwenyewe amejiharibu na alikuwa anajua, hakuna kuingia. Na wewe ulikuwa unajua. Barua ulipata."

"Nilipata."

"Basi."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Saa tatu na nusu mlango unafungwa. Ndani wenzangu walikuwa wameshainama. Kweli nilijua, kweli nililala, na hakuna fomu duniani yenye nafasi ya kuandika kwamba mtu amechoka.

Nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu hatua mbili, mkoba ameukumbatia. Nilidhani atanishika mkono twende zetu. Alinitazama usoni muda mrefu; mtandio wangu ulikuwa umeshateleza, na machozi yananitoka mbele ya wanaume, bibi harusi wa siku ya sita. Kisha akanipita, akaenda mpaka mezani.

"Andika mimi," akamwambia yule kijana.

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Shangazi yake. Nimemlea mimi. Jina lake ni hilo la kwenye karatasi, hakuna mwingine." Akatoa kitambulisho chake kwenye mkoba, akakiweka mezani.

"Sawa. Na vidole?"

"Zidole nimempaka mimi."

"Yeye alikuwa amekubali?"

Wasimamizi wawili wengine walikuwa wamesogea kusikiliza, na dereva wetu alikuwa mlangoni. Shangazi ni mwanamke ambaye Kipini nzima humkabidhi binti zao.

"Hakukubali," akasema. "Yana alinambia niziwate ncha. Nikamsikia. Nikangoja akalala, nikazipaka."

"Kwa bahati mbaya?"

"Kwa makusudi. Andika hivyo."

Kijana akaandika. Shangazi hajui kuandika jina lake, akaletewa wino, akabonyeza gumba. Kidole chake kilikuwa cheusi pia, kama cha kila mpakaji hina, lakini karatasi haichagui. Nami nilisimama pale kama mti. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba, na papo hapo nilitaka kumkumbatia, na muda wa lolote kati ya hayo haukuwepo. Nikapewa karatasi, nikaingia. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na mbili.

Swali la kwanza nililijibu bila kujua ninaandika nini. Nikalikata, nikaanza upya. Kalamu iliteleza kwenye ncha zilizochunika, nikaishika kwa viungo vya katikati kama mtoto wa chekechea. Nilijibu yote matano. Kengele ilipolia sikuwa na hakika na lolote ila kwamba nimemaliza.

Alikuwa nje, amekaa kwenye ukingo wa saruji, juani. Hakuwa amenunua hata maji. Nilikuwa nimepanga maneno makali, akaniwahi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Ndoo basi, yua hili litakuharibu." Akasimama, akanifunika uso vizuri, akaingiza nywele zangu ndani kwa vidole vyake kama anavyonifanya siku zote.

Tukapita Witu. Mimi nilikuwa nafikiri kwamba amenifungulia mlango mbele ya watu kwa kusema ukweli, kwa hiyo sina haki ya kumdanganya, hata kwa kunyamaza. Kwenye simu nilikuwa nimelipitisha jambo la Bangale katikati ya magauni. Sasa niliinama mbele, karibu na sikio lake.

"Shangazi, nikifaulu nitaenda."

Hakugeuka. Mkono wake ulipapasa nyuma ya kiti mpaka ukaupata wangu, ukaushika kwa uangalifu pale ambapo ngozi haijachunika.

"Nayua," akasema. "Ndiyo maana nalikupaka."