Vidole vya Shemeji

Kuanzia Bungu mpaka daraja la Ndundu, ukisikia tarumbeta kwenye harusi ujue ni kundi langu, au ni mtu niliyemfundisha mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Shule niliishia darasa la nne, nikaingia delta ya Rufiji kukata boriti za mikoko, na leo nina tarumbeta sita, matromboni mawili na gari la kubebea wapigaji wangu. Nota za karatasi sijui hata moja. Najua namba.

Namba hizo alinipa shemeji, mume wa dada yangu, nyumbani kwao Umwe. Tarumbeta lina vitufe vitatu: moja ni cha kidole cha shahada, mbili cha kidole cha kati, tatu cha kidole cha pete. Do ni tupu, hubonyezi kitu. Re ni moja na tatu. Mi, moja na mbili. Fa, moja peke yake. So, tupu tena. Hapo nikambishia, do itakuwaje tupu na so nayo tupu? Alikuwa anapiga mswaki wa mti. Akautoa, akanigusa nao mdomoni.

"Vidole ni nusu, shemeji. Nusu nyingine iko hapa."

Nilishika upesi kuliko wote aliowafundisha, mwenyewe alikiri. Kwenye harusi moja Ngorongo mpiga kinanda alitaka kutuumbua. Alianza wimbo kwa do yake, sisi tukaingia na do yetu, ikawa kama mbuzi wawili wanagombania ganda la muhogo, maana do ya tarumbeta iko chini kidogo ya do ya kinanda. Wenzangu wakanyamaza. Mimi, huku natembea, nikapandisha kila kitu ngazi moja: do yake nikaipiga re, re yake nikaipiga mi, tukaenda naye sawa mpaka bibi harusi akakaa. Shemeji hakunisifu. Alisema tu kwamba kuanzia leo nitafute kofia kubwa zaidi.

Mwaka juzi akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande, maneno yakakatika kabisa. Dada alinipigia simu, nikatoka Kibiti asubuhi ile ile. Nilipokaa ukingoni mwa kitanda, shemeji alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaanza kunibonyeza. Aliinua vidole vyote. Akabonyeza moja na mbili. Akabonyeza moja. Akainua vyote, kisha moja na mbili tena. Alipomaliza akanitazama usoni, akaanza upya.

"Anasema nini?" dada akauliza.

Nikamwambia ni wimbo, shemeji ananitajia namba za wimbo, na mimi ndiye mtu pekee wilaya nzima anayeweza kumsoma. Nikaomba siku mbili.

Ikawa miezi minne. Vidole vyote juu inaweza kuwa do, inaweza kuwa so, inaweza kuwa do ya juu. Moja na mbili ni mi, na sauti ya la pia ni hiyo hiyo. Mdomo ndio unaochagua, na mdomo wake ulikuwa umelala. Kwenye daftari nyimbo zilitoka kumi na kitu. Kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda na tarumbeta, nikampigia mmoja. Alifumba macho, akatikisa kichwa kidogo, akaushika mkono wangu tena. Nikapandisha ngazi, nikashusha ngazi. Nikafikiri labda kwa mkono wa kushoto mambo yamegeuka, moja yake ni tatu, nikageuza namba zote. Wimbo uliotoka hapo ulikuwa mzuri, majirani wakapiga vigelegele. Yeye akatoa machozi, na kichwa kikatikisika vile vile.

Mwanzoni dada alinitania. "Harusi zote za Rufiji zako, bwana mkubwa, mgonjwa mmoja anakushinda?" Baadaye aliacha.

Ijumaa moja tulibaki wawili chumbani. Akanibonyeza, akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa. Akanitazama muda mrefu. Tangu siku hiyo hakunibonyeza tena. Nilipomshika mkono ulikaa tu juu ya wangu, mzito, mpaka wiki aliyofariki.

Baada ya arobaini nilimkuta dada chumbani, yuko eda, anakunja kanzu za marehemu.

"Sasa niambie," alisema. "Alikuwa anasema nini?"

Nikamwambia ni wimbo aliompigia siku ya harusi yao, alipokuja kumchukua.

Akaiweka kanzu chini. "Siku ile hakupiga. Bwana harusi gani anajipigia tarumbeta? Alikaa kwenye kiti kama sanamu, wenzake ndio waliopiga."

Nikatazama mkeka.

"Hujui," akasema. Hakuwa na hasira.

"Sijui, dada."

Aliiokota kanzu akaendelea kukunja. Nilikaa naye mpaka adhuhuri. Neno hilo, sijui, nilipaswa kumwambia shemeji Ijumaa ya kwanza. Alikuwa mwalimu, alinifundisha nikiwa sijui kitu. Angejua sikuelewa, angetafuta njia nyingine ya kuniambia.