Amerika Iliyokuwa Jikoni kwa Bibi

Wiki iliyopita nilipeleka shati kwa fundi mmoja wa Kirundi, mwenye cherehani yake kwenye barabara kuu hapa Kensington, Johannesburg, anigeuzie kola. Alipomaliza aliinyunyizia maji ya wanga, akaweka pasi, na mvuke ukanipanda usoni. Nikashika ukingo wa meza.

"Mzee, umekula leo?" fundi akaniuliza.

Nikamwambia nimekula. Sikumwambia kwamba kwa muda ule nilikuwa nimesimama jikoni kwa bibi yangu, kule mlimani juu ya Ziwa Tanganyika, na kwamba ilikuwa Jumanne.

Lazima iwe Jumanne, rafiki yangu. Kwa Bibi harufu ile haikuwa na siku nyingine. Jumatatu tulifua, Jumanne tulipiga pasi, Jumatano tulitia viraka. Ijumaa tulisugua sakafu, Jumamosi tulioka, na Jumapili tulikaa barazani tumevaa kazi ya wiki nzima. Alhamisi sikumbuki tulifanya nini. Labda tulikuwa tunapumua. Majirani walifua nguo zilipochafuka. Sisi tulifua kwa sababu ni Jumatatu, hata kama wingu jeusi lilikuwa limetusimamia kichwani.

Ratiba hiyo ilitoka Amerika. Bibi aliipata kwa mwalimu wa misheni, mwanamke wa Kimarekani aliyezaliwa shambani kwao, ukihesabu hadi leo ni zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika nyumba ya taa za mafuta. Bibi alimfanyia kazi tangu akiwa msichana mpaka mwalimu aliporudi kwao kufa. Kwake alijifunza kuhifadhi mapera kwenye chupa ili yafike msimu mwingine, kushona blanketi kwa vipande vya magauni yaliyochakaa, na kuoka pai ndani ya pipa lililolazwa juu ya makaa. Unga wa ngano ulipokosekana alichanganya wa muhogo. Wanga wa kola nao ulitoka kwenye muhogo. Hadi naingia chuo kikuu niliamini kwamba Amerika yote inanuka muhogo.

Na ilikuwepo sheria ya jirani mpya. Mtu akihamia karibu nasi, kabla hajafungua mizigo, Bibi alikuwa mlangoni kwake na pai iliyofunikwa kitambaa cheupe. "Mmarekani," alituambia, "halali usingizi kama jirani yake hajala kutoka mkononi mwake." Sisi watoto tulitembea nyuma yake tukiomba jirani awe mtu asiyependa vitu vitamu. Hatukujaliwa hata mmoja.

Mama yangu aliyabeba yote hayo kama watu wanavyobeba dini. Vita vilipofika, pipa, chupa na viti vya baraza vilibaki, na nyumba ikachomwa. Tulipofika Johannesburg tukapanga chumba Berea, nusu yetu na nusu ya wengine, pazia katikati, na bado kila Jumatatu Mama aliamka kuwahi bafu la watu wote afue. Asubuhi nyingine aliuza maandazi kando ya barabara, akikimbizwa na askari wa jiji mara mbili tatu kwa wiki. Mimi nilikuwa na shahada ya historia. Elimu hiyo ilinisaidia kupata kazi ya kulinda magari nje ya maduka, ambako niliweza kutofautisha gari na gari bila shida.

Mwaka 2017 faili la ukimbizi la Mama na dada yangu, lililolala miaka, likaamka: wanapelekwa Amerika. Langu lilikuwa faili jingine, na lilikuwa bado limelala. Mama hakufurahi. Alikaa kitandani na ile barua akaniambia, "Papa, nina miaka sitini na nane. Nakwenda kuanza nini huko?" Kwetu mama humwita mwanawe Papa, hata akiwa na mvi kama mimi.

Hapo ndipo nilipofungua kinywa changu kilichosoma. Nikamwambia, "Mama, wewe huendi ugenini. Unakwenda kwenu. Wewe ni Mmarekani kuliko wao."

"Eish, msikilizeni profesa wa maegesho," dada yangu akasema. Lakini Mama hakucheka. Aliinuka, akaanza kukunja nguo. Aliniamini.

Jumamosi yake ya kwanza kule alioka pai sita. Aliona kwamba yeye ndiye jirani mpya na hakuna aliyemletea chochote, akadhani wanaona haya, basi akaamua kuwaanza yeye. Akavaa gauni la kanisani na kupita mlango kwa mlango katika ghorofa yao. Mlango wa kwanza, jicho lilikuja kwenye tundu likaondoka. Wa pili, sauti ilisema jambo fupi. Wa tatu kijana alifungua, akapokea, akashukuru; jioni Mama aliikuta pai nzima kwenye pipa la takataka, kitambaa chake kikiwa bado juu. Hakufika mlango wa nne. Jumatatu akaanika shuka kwenye roshani, na Jumatano ikaja barua kutoka ofisi ya jengo: kuanika nguo nje ni marufuku, na kufanya biashara ya chakula ndani ya jengo ni marufuku vilevile.

"Walidhani nauza," aliniambia kwenye simu. Hapa askari walimkimbiza kwa kuuza. Kule walimkataza kugawa bure.

Alinitumia ujumbe wa sauti kila siku wakati ule. "Papa, huku hakuna mabaraza. Nimetafuta." Siku nyingine: "Wanafua kwa mashine, chini kwenye chumba kama stoo, kila mtu macho kwenye simu. Siku yoyote tu! Hata Jumapili!" Dada yangu alikuwa kwenye kiwanda cha kuku tangu alfajiri, akirudi amechoka hata kuvua viatu. Mama alibaki siku nzima na jokofu kubwa linalonguruma.

Nami nilikuwa nimeyasoma yote hayo. Chuoni nilijibu swali la mabadiliko hayo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Niliandika kwamba mashine ya kufua iliimaliza Jumatatu, jokofu likazimaliza chupa za matunda, na gari likalimaliza baraza, maana hakuna tena mpita njia wa kusalimiwa. Waliobaki, televisheni ikawaita ndani. Karne nzima katika kurasa nne. Lakini nilipokuwa mbele ya mama yangu mwenye hofu, niliuweka mtihani pembeni nikazungumza kama mtoto aliyefuata pai.

Kilichoniuma zaidi nilikielewa baadaye. Amerika ile ilikwisha kwa Wamarekani wenyewe zamani, na pengine mahali pa mwisho ilipoishi ni kwenye kilima chetu, kwa mwanamke aliyepika kwa muhogo na ambaye hakuwahi kuvuka ziwa. Tulipokimbia tuliiacha ndani ya nyumba inayowaka. Hakuna mtu aliyeona kwamba kuna nchi nzima inaungua pale.

Jumapili iliyopita Mama alipiga simu. Hakunisimulia kitu. Aliuliza moja kwa moja, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei akijua hana uwezo: "Papa, wewe umesoma. Naweza kurudi?"

Kurudi wapi? Karatasi zake za hapa alizikabidhi siku alipoondoka. Upande wake wa pazia kule Berea wanalala wasusi wawili. Na kule kilimani watu wengine wamejenga juu ya majivu yetu, nao hawatujui. Nilitafuta uongo mzuri, mimi niliyeupata haraka sana mara ya kwanza, nikaukosa.

"Hapana, Mama," nikasema.

Kwangu ilikuwa saa moja ya jioni na giza lilikuwa limeshaingia. Kwake ilikuwa saa sita mchana. "Sawa, mwanangu," akasema. Hakukata simu, aliiweka tu mezani, na nikamsikia akitembea polepole kutoka dirisha moja hadi jingine, akifunga mapazia, kana kwamba kwake nako kumeshakuwa usiku.