Kibuyu cha Binti wa Fundi Viatu

Harufu ya moshi kwenye maziwa ya ngamia hunirudisha mtaani Galbet, siku mwalimu aliporekodi filamu yetu ya msichana aliyetengwa. Nafasi ya kuigiza msichana huyo niliiota wiki nzima, lakini akapewa binti wa fundi viatu, ambaye kwetu hakuna aliyekunywa naye chombo kimoja, kwa kuwa ukoo wa mafundi viatu ulidharauliwa. Nilimwonea wivu.

Akanywa maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, mbele ya kamera. Mwalimu akauliza, "Nani atapokea kibuyu anywe baada yake?"

Wote wakatazama chini.

"Mimi," nikasema, maana nilitaka tu nionekane.

"Wewe, utasukutua mdomo mpaka Idi," rafiki yangu akaninong'oneza.

Nikanywa. Yule msichana akalia, na kulia hakukuwa kwenye mchezo.

Jioni nyanya aliposikia nilichofanya akasema, "Walahi, Mungu ndiye aliyekusukuma."

Sikujua kama Mungu hutumia wivu.