Moteri mupya na maziwa ya Mushaki

Nilibadilisha moteri ya jeep yangu, na leo asubui nikakosa maziwa yote ya bamama ba Mushaki.

Ile jeep iko muzee, njo inabebaka bido za bamama, madumu yao ya maziwa, mupaka kule Sake. Moteri mupya haina makelele hata kidogo. Fundi alijivuna. Miye pia.

Nikapita barabara yote: hapana hata mama moja. Nikafikiri ngombe zimegoma.

Kurudi, namukuta Mama Furaha, moja wa bale bamama, kwa mulango yake, maziwa imeganda mu bido.

"Papa, leo hukupita?"

"Nilipita, Mama."

"Hapana. Siye tunatokaka wakati tunasikia moteri yako inakohoa kule chini ya mulima."

Basi, bandugu, shaurini: nirudishe moteri ya zamani, ao nikuwe nakohoa miye mwenyewe?