Kamba ya Pantoni

Ni mimi niliyefungua kamba ya pantoni ya Mjomba Yona. Miaka yote nimesema ni mbuzi.

Juzi, hapa Mkonze ninakoishi, nilimwona mbuzi akitafuna kamba ya kuanikia nguo, nikaisikia tena harufu ya lami aliyopaka Mjomba kwenye mapipa ya pantoni yake. Ndiye wa kwanza kuvusha watu kwenye mto wetu kule Kibakwe. Kiangazi mto ulikuwa mchanga mtupu, lakini aliketi juu ya pantoni, filimbi shingoni.

"Tunasubiri mto uje," alisema.

Mimi, mtoto mdogo, nikaona pantoni iliyofungwa haiwezi kwenda kuuleta. Alipoenda kula, niliifungua, nikaikunja kamba vizuri kama nilivyofundishwa nyumbani.

Jioni, mvua ikiwa imenyesha huko milimani, mto ulikuja ukinguruma, ukaondoka na pantoni. Mjomba alishika kichwa. Mbuzi wa jirani alihukumiwa, tukamla.

Jana, msomi mzima, nilimpigia simu Mjomba kuungama.

"Nilijua siku ileile, mwanangu," alisema. "Mbuzi gani hukunja kamba?"

"Sasa mbona ulimla?"

"Pantoni imeshaenda, na nyama nayo niiache?"