Vitambaa Ukutani kwa Mama Mkwe

Chupa yenyewe ilikuwa fupi kuliko kidole changu cha kati, nyeusi, haina karatasi ya jina wala ya tarehe. Mke wangu aliiweka juu ya meza ya cherehani yangu akasema ni mafuta ya mkaratusi, ya kumsaidia mama yake kupumua. Nikaifungua, nikanusa, machozi yakanitoka. Nikamuuliza ni nani aliyempa. Akasema ni mama mmoja wa kikundi chao cha sala. Mama huyo namfahamu. Mwaka uliotangulia alikuwa akiuza pomada ya kuotesha nywele, na nywele zake mwenyewe amezificha chini ya kitambaa mpaka leo.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Kazi ya kushona ndiyo iliyonifanya hivyo. Mtu anakuletea kitenge, anaapa kwamba hakichuji rangi, na ukikilowesha beseni zima linageuka buluu. Kwa hiyo kila kitu kinachoingia nyumbani mwangu nakipima kwanza, na hiyo chupa niliiona ni ya watu wa kutafuta riziki kwa vifua vya wagonjwa.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwetu Katoyi baada ya kambi ya wakimbizi wa vita aliyokuwa akiishi kule Mugunga kufungwa. Ujana wake wote aliumalizia Vitshumbi akikausha samaki juu ya moshi, kisha akaja kukohoa chini ya hema. Kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango mbovu. Tulimpa chumba cha nyuma ya sebule, na sebule ndiyo sehemu yangu ya kazi, kwa hiyo kati yake na mimi palikuwa na ukuta mmoja tu. Nyumba yetu ni ya mbao, imekaa juu ya mawe ya volkano, na miaka imezikausha mbao hizo mpaka zimeachana.

Sasa niseme jambo la mila, maana bila hilo hadithi hii haieleweki. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Simshiki mkono, sili nikimtazama, na chumba anacholala siingii hata nyumba ikiwaka moto, ndivyo tulivyozoea kusema. Kila asubuhi nilimsalimu kupitia ukuta: "Mama, umeamuka?" Naye, kwa kuwa pumzi haikumtosha kupaza sauti, aligonga ubao mara mbili. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.

Mke wangu alinieleza jinsi mafuta yanavyotumika. Matone matatu kwenye sufuria ya maji ya moto, mama anajifunika kitenge kichwani anavuta mvuke. Tone moja kwenye leso kando ya mto. Na kidogo sana, yakichanganywa na mafuta ya kupikia, ya kupaka kifuani. Alisema mama anapata nafuu. Nikasema tutaona.

Nilichoona mimi ni harufu. Ilipita katika nyufa za ukuta ikaja kukaa kwenye nguo za watu. Siku moja mteja alikuja kuchukua sare za harusi ya dada yake, akanusa gauni moja, akanusa la pili.

"Fundi, hii nguo inanuka kalitusi," akasema. "Sisi tunaenda ku ndoa, hatuendi hospitali."

Alizichukua, lakini kwa uso uliokunjamana, na mimi nikabaki na hasira ya siku nzima. Halafu likaja jambo jingine. Mama mkwe alianza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma, na mchana akawa analala kupita kiasi. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Ni ile mafuta. Wanatia kitu cha kulewesha mule." Akanijibu kwamba mzee akilala anapumzika, na kwamba mimi nikipewa hata maji ya Misa nitauliza yametoka kwenye bomba gani.

Nikaamua kuipata ile chupa na kosa. Mteja wangu mmoja, anayefanya kazi katika duka la dawa, aliniambia kwamba mafuta safi ya namna ile yakidondoshwa kwenye karatasi hupotea bila kuacha alama, lakini yakichanganywa na ya kupikia yanaacha doa. Nikachana karatasi ya daftari. Upande mmoja nikadondosha tone la chupa, upande wa pili mafuta ya kukaangia. Nikaiweka juu ya kabati nikingoja ushahidi. Kesho yake doa la mafuta ya kukaangia lilikuwa pana kama sarafu, na upande wa pili karatasi ilikuwa nyeupe. Mafuta yalikuwa safi. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikasirika, maana nilikuwa nimeshawaambia majirani wawili kwamba tumeuziwa uongo.

Nikatafuta shaka nyingine, na haikuwa mbali. Nilipozunguka nyuma ya nyumba niliona mama mkwe amefunga dirisha lake kwa nailoni na kuzijaza nyufa zote za nje makaratasi. Nikajiuliza anaficha nini. Mke wangu akasema mama hataki dawa itoroke, anataka mvuke ubaki ndani umfanyie kazi. Basi, nikasema moyoni, kama yeye anafunga kwake, na mimi nitafunga kwangu.

Mke wangu alipokwenda sokoni kwenye biashara yake nilichukua vipande vilivyobaki vya sare za shule, vyeupe na vya buluu, nikavisukuma katika nyufa za ukuta kwa ncha ya mkasi. Vilikuwa kumi na kimoja. Upande wa pili nilisikia godoro likisogea, kisha kimya. Nilishuku kwamba ananisikiliza. Siku hiyo nilishona katika hewa safi na nikajiona mwerevu.

Siku tatu baadaye, alasiri, mvua ilikuwa ikipiga mabati na mimi nilikuwa nikitia zipu. Nikagundua kwamba kikohozi hakisikiki. Kwanza nilifurahi, lazima niseme ukweli huo. Nikashona mshono mzima nikiufurahia ule ukimya. Baadaye ukaanza kunitia wasiwasi, maana kifua kile hakikuwahi kunyamaza muda mrefu hivyo.

"Mama?" nikaita.

Ubao haukugongwa.

Nikagonga mimi. Nikagonga tena kwa mpini wa mkasi. Hapo roho ikanipanda juu. Na bado, sikiliza upumbavu wangu: sikuingia. Nilitoka kwenye mvua kutafuta mwanamke wa kuingia badala yangu. Jirani wa kwanza hakuwepo. Wa pili mlango wake ulikuwa na kufuli. Nilisimama njiani, maji yakinitiririka mgongoni, nikiwaza aibu ya kumkuta mama wa mke wangu amelala bila kujisitiri. Nilisimama kwa muda ambao mpaka leo sipendi kuufikiria. Kisha nikakimbia, nikasukuma mlango ambao sikuwahi kuugusa.

Kilichonipokea ni joto. Katikati ya chumba palikuwa na babula, jiko letu la makaa ambayo sisi tunayaita makala, yakiwa mekundu, na juu yake sufuria iliyokauka maji. Siku zote nilidhani mke wangu anampelekea maji yaliyochemshwa nje. Kumbe mama mkwe alipoona maji yanapoa haraka, mwenyewe alikuwa akiingiza jiko na kufunga mlango, na sisi wawili hatukujua, mmoja kwa kuwa yuko sokoni, mwingine kwa kuwa ni mkwe. Alikuwa amelala kwenye godoro chini, kitenge kikiwa kichwani, midomo wazi. Nilimbeba mikononi. Alikuwa mwepesi kiasi cha kunitia huzuni. Nikamtoa nje, na mvua ikampiga usoni, akavuta pumzi moja yenye sauti mbaya sana. Kitu cha kwanza alichofanya mkono wake, kabla hajafumbua macho, ni kutafuta kitenge ili ajifunike nywele mbele yangu.

Tulimfikisha kwenye kituo cha afya kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Walimwekea hewa ya chupa kubwa. Mke wangu alipofika akilia, muuguzi, mwanamke mwenye sauti kavu, alitueleza wote wawili.

"Ile mafuta haina kosa. Inasaidia kufungua pua, lakini haiponye mapafu, na musiipake mutoto mudogo kwa uso. Makala njo ilitaka kumuua. Sumu yake hauioni, haina harufu. Kichwa kinauma, mutu analala, kisha basi." Akatutazama. "Na upepo ilikuwa inapita wapi?"

"Ukuta wa kwa mashini ya kushona uko na matundu mingi," mke wangu akasema. "Upepo inapitaka pale."

Nilitazama viatu vyangu. Muuguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake, na mimi nikashuku kwamba ananiandika mimi.

Kesho yake mchana tulimrudisha nyumbani, na majirani waliokuja kumpa pole wakanishika uani mpaka jioni. Walipoondoka nilisema naenda kupanga kazi zangu, nikaenda moja kwa moja ukutani kuvitoa vile vitambaa kabla mtu hajaviona. Nyufa zilikuwa wazi. Hapakuwa na kipande hata kimoja. Sasa nikawa mtu wa kuvizia nyumbani mwangu mwenyewe. Nilimtazama mke wangu alipokuwa akisonga ugali, alipokuwa akinipa maji ya kunawa, nikitafuta usoni mwake kama anajua. Hakuonyesha lolote. Usingizi ulinipaa kwa siku nne.

Siku ya tano alikuja na kifurushi akakiweka mezani. Vilikuwa vipande vyangu, vimefuliwa, vimepigwa pasi, vyeupe peke yake na vya buluu peke yake. Nilivihesabu. Kumi na kimoja. Vilinuka mkaratusi.

"Mama alizitoa mu ukuta, anasema hizi ni zako," akaniambia. "Anasema asanti. Alikuwa anaona unaziingiza, akajua mukwe anamusaidia dawa isitoroke."

Nilimtazama machoni nikitafuta kejeli. Hapakuwa na kejeli. Akaenda zake jikoni.

Nilikaa na vile vitambaa magotini. Kama shukrani ile ilikuwa ya kweli, basi mzee huyu alilala kwenye sumu akiamini kwamba nampenda. Kama haikuwa ya kweli, alijua kila kitu na alikuwa ananiachia mlango wa kutokea bila aibu. Kumuuliza uso kwa uso, mila hairuhusu. Na kwa mara ya kwanza tangu nijijue, nilichoka kushuku. Niliona aibu tupu.

Nikasogeza kiti, nikaweka mdomo kwenye ufa ulio mpana zaidi.

"Mama," nikasema. "Zile vitambaa sikuweka kwa kukusaidia. Nilichoka na harufu ya dawa yako. Njo maana niliziba. Unisamehe."

Upande wa pili godoro likasogea. Nikasikia kikohozi kikianza, kikipanda, kikishuka. Nikangoja. Nilikuwa nikilia, gauni la mteja likiwa mkononi, na sikujali kama litalowa.

Kisha ubao ukagongwa mara mbili.